Gari Jekundu la Bi Salma na Maji ya Kisima

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Katika hotuba yake, mwenzetu Katana aliniomba niandike machache ninayoyajua kuhusu kukagua magari yaliyotumika, ili nyinyi mnaobaki msijifunze kwa njia niliyojifunza mimi. Nikaahidi kurasa mbili. Zimezidi. Goti langu halikubali tena kunipeleka chini ya gari, lakini mkono bado unaandika, na kusema kweli kazi hii niliingia kwa mkono, si kwa goti.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, habari ambayo nyumbani Malindi ilipokewa kwa heshima na kimya kirefu. Baba aliwaambia majirani kwamba mwanawe amesomea mambo makubwa, akawaomba wasiulize zaidi. Baada ya miezi minane ya kuyafikiri mambo hayo makubwa kibarazani, niliona kibao kwenye lango la gereji moja: ANATAKIWA MTU WA KUANDIKA. Mwenye gereji, Fundi Kahindi, alikuwa akiwakagulia watu magari kabla hawajayanunua. Alikuwa na masikio ya kujua vali imechoka gari likiwa bado ng'ambo ya barabara, lakini ripoti zake zilikuwa za aina mbili tu: “Zuri” na “Acha”. Wateja wa Nairobi na wa Ulaya walitaka karatasi. Nikaajiriwa kuirefusha “Acha” ifike ukurasa mmoja.

Siku ya kwanza alinichukua hadi nyumba moja ya ufuoni kukagua gari jeupe la aina ya saluni la mzee wa Kiitaliano. Nilibeba daftari, kalamu tatu, na nilivaa shati lililopigwa pasi. Fundi Kahindi hata hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la bustani, akalifungua, akakinga maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema.

“Profesa,” akaniita, jina ambalo hakuliacha hadi yeye mwenyewe alipostaafu, “njoo uonje.”

Nikaonja.

“Ni nini?”

“Maji.”

“Hilo hata mbuzi angejibu. Wewe umesomeshwa.”

“Yana chumvi kidogo.”

“Haya. Ushakagua nusu ya gari. Sasa twende tukaangalie nusu inayong'ara.”

Kila mtu hapa pwani anajua kwamba upepo wa bahari unakula chuma. Hilo mnunuzi atakwambia mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Asilolijua ni habari ya ndoo. Mwenye nyumba ya ufuoni huwa hayupo miezi sita, minane, pengine miaka. Anapoondoka humwachia mlinzi maagizo mawili: washa injini, osha gari. Mlinzi mwaminifu huyashika yote mawili. Lakini maji ya bomba la mji ni ya kugombaniwa, hayawezi kumwagwa juu ya gari, kwa hiyo hutumia bomba la bustani, linalovuta kisimani, na kisima kilichochimbwa hatua mia mbili kutoka baharini kinatoa kile ambacho bahari imekipa. Kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, gari linaogeshwa kwa chumvi na mtu anayelipenda. Juu linang'aa. Chini, mahali ambapo maji hayakauki, linaliwa polepole. Ndiyo maana gari la mlinzi mvivu mara nyingi ni zima kuliko la mlinzi mwema, jambo ambalo kwenye darasa la maadili chuoni hatukufika.

Vifaa vyangu mnavijua, vimebaki kwenye droo ya chini. Sumaku niliifunga kwa kipande cha leso ya mke wangu ili isikwaruze rangi. Isipong'ang'ania bodi, ujue hapo pamejazwa puti chini ya rangi, si chuma. Kioo kidogo cha mpini mrefu nilipewa na daktari wa meno wa Kilifi ambaye nilimwokoa na pikapu mbovu. Kilizoea kuona matundu, kwa hiyo hakikuhitaji mafunzo mengi. Bisibisi ya mpini wa mti ni ya Fundi Kahindi. Ncha yake aliinoa ikawa ya mviringo, kwa sababu haikuwa ya kufungua skrubu hata moja. Alilala nayo chini ya gari akabonyeza kila mahali ambapo chuma hukutana na chuma, kwa nguvu, hata palipoonekana pazuri. “Hasa palipoonekana pazuri,” angenisahihisha. Akikuta rangi mpya chini ya gari la zamani, aliikwangua kwanza, kisha ndipo akaomba ruhusa.

Sasa nije kwenye swali. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaulizwa swali mara nyingi kama hili: ninunue hili lililotumika sasa, au ningoje modeli mpya? Huulizwa zaidi kuhusu magari ya spoti. Anayenunua pikapu ana mahindi yanayomngoja shambani, hana nafasi ya falsafa. Anayetaka gari la viti viwili ameshaamua kufanya jambo lisilo na maana, na anamtafuta mtu msomi wa kulitia maana.

Jibu langu la kazini lilikuwa kwamba mkaguzi hukagua gari lililopo. La mwakani halina kutu kwa sababu halipo, wala halina mlio mbaya kwa sababu halijawashwa, na ukililinganisha na gari lolote lililosimama mbele yako litashinda. Nilimjua mhasibu mmoja wa hoteli, huko Watamu, aliyekuja kila mwaka na picha za modeli itakayotoka. Kila ilipotoka, tayari kulikuwa na fununu za nyingine. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amenunua baiskeli, na alikuwa anasikitika kwamba hakungoja ile yenye gia nyingi. Nilimcheka mhasibu yule kwa miaka. Nilidhani kungoja ndilo kosa pekee mtu anaweza kulifanya. Kisha, ikiwa imebaki kidogo nistaafu, akaja Bi Salma.

Bi Salma ana duka la dawa hapa Malindi. Nusu ya mji imetibiwa kikohozi naye, na nusu nyingine inamwogopa kwa sababu anakumbuka walichonunua. Ni mjane, tumelingana umri, na ana binti wawili walioolewa. Alikuja ofisini Jumatano pamoja na kaka yake mkubwa, Bwana Athumani, muuza vitambaa, mtu mwenye sauti ya kuongea na mteja aliye upande wa pili wa soko.

“Nimeona gari, Bwana Kazungu,” alisema Bi Salma baada ya kuamkiana. “Jekundu. Viti viwili. Paa linafunguka.”

“Ameona wazimu,” akadakia kaka yake.

“Kaka, umekuja kunisindikiza au kunishtaki?”

Bwana Athumani akainama juu ya meza yangu. Alinisogezea simu yake. “Tazama hii. Ndilo gari lilelile, modeli mpya, inatoka mwakani. Skrini yake kama mlango wa kabati. Linajiegesha lenyewe. Ningemwelewa kama angengoja hili.”

“Mimi najua kuegesha,” alisema Bi Salma.

“Salma, mwaka mmoja tu!”

Bi Salma akanigeukia mimi, akamwacha kaka yake na simu yake. “Mimi nimengoja, Bwana Kazungu. Nilingoja wasichana wamalize shule. Nilingoja marehemu apone, hakupona. Nikangoja eda iishe, nikangoja watu waache kuniangalia nikipita. Sasa nimngoje na mtu aliyeko kiwandani anayechora skrini? Jumamosi nataka kuliendesha gari hilo hadi Mombasa nikamwone mwanangu, nikiwa bado naweza kuinuka kwenye kile kiti bila kuvutwa mkono.”

Sina uhakika kama nilikuwa mkaguzi tena baada ya maneno hayo.

Gari lilikuwa kwenye nyumba ya ufuoni, chini ya banda la makuti. Mwenyewe alikuwa amerudi kwao Italia, akaugua, na akaamua kutorudi huku. Nyumba na gari viliachwa mikononi mwa Mzee Charo, mlinzi, hadi vipate mnunuzi, naye alitupokea Alhamisi akiwa na kitambaa cha manjano begani kama mhudumu wa hoteli. Nimeona magari mengi. Lile lilisimama pale jekundu, refu, chini chini, na kivuli cha makuti kikilipita mgongoni, nami nikameza mate kama mtoto mbele ya duka la halua.

“Kila siku ya Mungu naliosha,” alisema Mzee Charo. “Juu na chini. Tajiri aliniambia, Charo, hili ulione kama mtoto.”

Aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Nawaomba msome sentensi hiyo tena, kwa sababu mimi nilisikia na nikatabasamu.

Miguu yangu, nakumbuka, ilikuwa imeshaanza kuelekea bombani. Ndipo Mzee Charo akanikatia dafu. Bi Salma alikuwa amesimama karibu, amevaa buibui lake na miwani ya jua ambayo nadhani aliinunua kwa ajili ya gari lenyewe. Nikaona haya. Mtu wa umri wangu, mwenye shahada, kukinga maji ya bustani na kuyatema mbele ya mwanamke anayeuza dawa za kuhara! Nikanywa dafu. Lilikuwa tamu sana, na dafu halisemi chochote kuhusu kisima.

Sumaku iling'ang'ania kila mahali. Injini iliwaka mara moja, ikatulia. Nikaingia chini na tochi, nikakuta peusi tii, laini, bila doa. Nilitoa bisibisi ya Fundi Kahindi, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Nilijiambia sitaki kukwaruza mali ya watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelipenda, na mtu aliyependa haendi kuchokoa.

Tulilijaribu barabarani hadi karibu na Gede na kurudi. Tulipofika langoni Bi Salma akaniuliza, “Ungekuwa wewe, ungefanyaje?”

Fundi Kahindi alinionya nisilijibu swali hilo hata nikishikiwa panga. Mkaguzi anasema gari likoje. Kununua au kutonunua ni kazi ya mwenye hamu.

“Ningelinunua leo,” nikasema, “kabla sijarudiwa na akili.”

Bi Salma akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikaenda kuandika ripoti ya kurasa tatu, yenye sentensi moja kuhusu paa ambayo niliisoma mara mbili kwa kujipenda, nikatia saini.

Jumamosi asubuhi nilikaa mezani kunywa chai. Makabidhiano yalikuwa saa nne, mimi sikuhitajika, na nilikuwa nimetulia kama mtu aliyefanya jambo jema. Nikapiga funda moja.

“Dama,” nikamwita mke wangu, “chai hii umetia nini?”

“Majani na maziwa. Ulitaka nitie nini?”

“Ina chumvi.”

“Bomba limekauka tangu jana, baba watoto. Hayo ya kisimani. Mbona ulipooga hukulalamika?”

Nikakiweka kikombe chini.

“Umeungua?” akauliza.

“Nimepitisha gari,” nikasema.

Nilimpigia Bi Salma simu, ikaita hadi ikachoka. Nikapiga tena. Nikaingia kwenye pikapu yangu nikiwa na ndara. Nataka niwe mkweli kwenu, kwa sababu ukweli huu hautaonekana kwenye faili: kabla ya kufika mwisho wa mtaa wetu nilishafikiria kwamba pengine maji ya pale si ya kisima, kwamba ile rangi nyeusi ya chini pengine ni ya kiwandani, na kwamba nabakiza wiki chache tu kabla ya kustaafu bila doa. Nililifikiria jina langu kwanza. Ndipo nikamwona akilini Bi Salma kwenye daraja la Kilifi, lori mbele na basi nyuma, na gurudumu la nyuma likiachana na mwili wa gari. Nikakanyaga mafuta. Kila tuktuk ya Malindi ilikuwa imeamua kupita mbele yangu asubuhi ile.

Nilipofika, paa lilikuwa limeshafunguliwa. Bi Salma alikuwa kwenye usukani, leso nyepesi imefungwa juu ya buibui ili upepo usimsumbue, injini inanguruma taratibu. Karatasi za kuuziana zilikuwa mapajani mwake. Bwana Athumani alikuwa ameegemea ukuta kwa uso wa mtu aliyeshindwa kesi. Mzee Charo alikuwa anakifuta kioo mara ya mwisho.

“Bi Salma, zima gari.”

“Sabalkheri na wewe, Bwana Kazungu.”

“Zima, tafadhali. Na usitie saini.”

“Kalamu ninayo mkononi. Kuna nini?”

 Nilikwenda bombani, nikafungua, nikakinga, nikaonja. Yalikuwa na chumvi ya kutosha kupikia wali. Nikayatema mbele yao wote.

“Huyu naye kashikwa na nini?” aliuliza Bwana Athumani.

Nikaingia chini ya gari na ndara zangu. Nilikwangua ile rangi nyeusi pale ambapo mkono unaolishika gurudumu la kushoto la nyuma unakutana na bodi. Nikabonyeza. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, bila kelele, kama kidole kwenye papai bivu. Maganda ya kutu yakaniangukia usoni. Upande wa kulia hivyo hivyo.

Nilipotoka nilimuuliza Mzee Charo kuhusu rangi.

“Ni mimi,” alisema. “Palianza kuwa pekundu pekundu, nikaona aibu tajiri akirudi. Nikapaka ile lami ya kuzibia mabati. Nilipaka kwa mikono yangu mwenyewe.” Akaitazama bisibisi. “Nimekosea?”

Nikamweleza habari ya maji, kwa upole nilioweza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakitoa kile kitambaa cha manjano begani, akakikunja mara nne, akawa hajui akiweke wapi.

“Kila siku, bwana,” alisema. “Hata siku niliyomzika mke wangu nilikuja kuliosha.”

Bi Salma akazima injini. Akashuka, bila kuvutwa na mtu, akaenda kusimama mbele yake. “Mzee Charo, uliambiwa uoshe, ukaosha. Mwenye kuulizwa si wewe.” Kisha akanigeukia. “Wewe ulisema ungelinunua leo.”

“Nilisema.”

“Ulilikagua?”

“Nusu.”

“Nusu gani?”

“Ile iliyokuwa inapendeza.”

Akanitazama kama anavyowatazama wanaokuja kununua dawa bila karatasi ya daktari. Nilimwomba ripoti yangu. Niliiweka juu ya boneti, nikazikata kurasa zote tatu kwa mstari mmoja, pamoja na sentensi yangu ya paa, na chini yake nikaandika: “Nimekosea. Acha.” Nikatia saini upya. Maisha yangu yote ya kazi nililipwa kuirefusha “Acha”, na siku nilipoihitaji kweli ilitosha jinsi Fundi Kahindi alivyoiandika.

“Si nilisema?” Bwana Athumani alikuwa amepata uhai, simu imeshatoka mfukoni. “Si nilisema angoje mpya? Mwaka mmoja, Salma. Hata mwaka si wenyewe, miezi kumi!”

Bi Salma alirudi kwenye gari, akakaa tena kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa. Aliushika usukani kwa mikono miwili. Nilidhani analia, lakini alikuwa anafungua fundo la leso.

“Gari limeoza, kaka,” alisema. “Hamu haijaoza. Bwana Kazungu, nitafutie jingine. Na mara hii usinywe dafu.”

Mombasa alikwenda siku ile ile kwa basi. Gari jekundu liliuzwa kwa ajili ya injini yake, na wenye nyumba wapya wamembakisha Mzee Charo, ingawa nasikia sasa haoshi kitu chochote bila kuuliza mara mbili.

Nililitafuta lile jingine kama mtu anayetafuta cheti chake kilichopotea. Nikaachana na ufuo, nikaanza kuuliza bara. Mwenye malori mmoja wa Mariakani alikuwa nalo, modeli ileile, alilomnunulia mwanawe kabla kijana hajaenda kusoma nje. Lilikuwa limeegeshwa ndani ya banda, katikati ya matairi na tela bovu. Rangi yake ilikuwa ya bizari. Vumbi lilikuwa limelifunika hivi kwamba mtu alikuwa ameandika juu ya boneti kwa kidole hesabu ya mifuko ya saruji. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha abiria.

“Mniwie radhi,” alisema mwenyewe, “halijaguswa na maji tangu mvua za vuli.”

“Usiombe radhi,” nikamwambia. “Endelea hivyo hivyo.”

Niliyaonja maji pale mbele ya Bi Salma, Bwana Athumani na madereva watatu wa malori, ambao walidhani nimetumwa na serikali. Na yenyewe yalikuwa na chumvi, kwa sababu visima vya huko navyo vina mambo yake. Lakini nilimuuliza kila mtu aliyekuwa uani, mmoja mmoja, na hakuna aliyekiri kuwahi kuliosha. Mpishi alikasirika kwa kuulizwa.

Nilikaa chini ya gari lile saa mbili. Nilibonyeza kila kiungo, palipoonekana pabaya na palipoonekana pazuri, na kila mahali bisibisi ilikataa. Vizuia mtikiso vilikuwa vimechoka. Dirisha la nyuma la plastiki lilikuwa na ukungu. Paa lilipofunguliwa lilipiga ukelele wa kufukuza kuku aliyebaki. Niliyaandika yote hayo, hakuna kubwa, na goti liliponigomea wakati wa kuinuka nilijua sitaingia chini ya gari jingine. Lile ndilo lilikuwa la mwisho.

Bwana Athumani alimvuta dada yake pembeni, lakini sauti yake haijui kwenda pembeni. “Rangi hii, Salma! Watu watasema umenunua sufuria ya pilau.”

“Wataipisha njia,” alisema Bi Salma.

Karatasi zilipokwisha nikampa ripoti. Aliikunja bila kuisoma, akaitia mkobani.

“Umelipitisha?”

“Nimelipitisha.”

“Lote?”

“Lote.”

“Basi panda.”

“Nimekuja na pikapu, Bi Salma.”

“Pikapu ataileta kaka.”

“Mimi?” alisema Bwana Athumani.

Nikaona sura ya Bi Salma, nikajua si mwaliko. Alikuwa na haki ya kuniuliza kwa njia hiyo kama ninaliamini gari nililolipitisha. Niliondoa yai kitini, nikalikabidhi kwa mwenyewe, nikaingia, magoti yakafika kidevuni.

Tulikwenda kwa njia ya Kaloleni. Bi Salma aliendesha taratibu mwanzoni, mikono yote miwili juu ya usukani, kisha barabara ilipoanza kupanda kati ya minazi akabadilisha gia na akaacha gari liende. Nilisikiliza. Nilisikiliza upande wa kushoto nyuma, nikasikiliza wa kulia, kila shimo, kila kona, nikingoja mlio ninaoujua. Palikuwa na injini na upepo, na nyuma yetu mbali honi ya pikapu yangu ikilalamika kwa mkono wa Bwana Athumani, ambaye bado anaingoja modeli mpya. Wamesema imesogezwa mbele kidogo.

Kilichofuata sikijui vizuri. Bi Salma amewaambia wateja wake wote kwamba kabla ya kufika Kaloleni nilikuwa nimelala, mdomo wazi, paa wazi, nakoroma kwa nguvu kuliko gari, na kwamba alinipeleka hivyo hadi Mavueni bila kuniamsha. Nimefikiria kumkanusha. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kukaa ndani ya gari la mtu bila kusikiliza kitakachokatika, na nikisema kweli, nilipoamka sikukumbuka hata kuuliza kama kila gurudumu lilikuwa bado mahali pake.